Nyumba mbili za Nyanza, na pengo la katikati



Mu 2019 nilitembelea Rukari, kule Nyanza, kusini mwa Rwanda. Zamani yalikuwa makao ya wafalme, leo ni makumbusho. Wengi wanarudia na picha. Mimi nilirudia na swali.

Pale kuko nyumba mbili. Ya kwanza ni ya majani, ya mviringo, yenye ilijengwa upya kwa mfano wa makao ya mwami wa zamani. Nyuma yake kuko kijumba cha maziwa na kijumba cha pombe. Ya pili ni ya kizungu, ya mwanzo wa miaka ya 1930, yenye alijengewa Mutara wa 3 Rudahigwa. Unatoka ku moja, unaingia ku ingine. Macho yanakuambia: baba aliishi vile, mtoto akaendelea hivi. Hapo njo sikubali.

Juu katikati ya zile nyumba kuko mwezi wa 11 wa 1931. Wabelgiji walimwondoa Yuhi wa 5 Musinga, mwenye alikataa kubatizwa, wakaweka mtoto wake Rudahigwa. Baba akapelekwa Kamembe, kisha kwetu Congo, Moba, pembeni ya ziwa Tanganyika. Alifia kule mu 1944. Ule si urithi wa kawaida. Unaweza kueleza hayo yote kwa mdomo, lakini nyumba zikikaa jirani hivyo, miguu ya mgeni inasahau. Mpangilio nao unasema.

Chenye kilinishinda ni ngombe za inyambo. Sisi ba-agronome tunahesabu ngombe kwa litre, na kule Masisi kwa fromaji. Wale wa Nyanza wako na pembe ndefu ajabu, na mchungaji anawaimbia, nao wanatulia. Ufundi ule hauwezi kuwekwa ndani ya kabati ya kioo. Mchungaji asipofundisha mtoto wake, pembe zitabaki, wimbo utakufa. Na nyumba ya majani ni vilevile: majani yanaoza, lazima mikono ijue kusuka tena. Kwangu, hapo njo makumbusho yenyewe.

Sasa nyumbani. Mu 1956, kwa Wanyanga wa Walikale, Candi Rureke alimsimulia Daniel Biebuyck hadithi ya Mwindo kwa siku 12, watu wa kijiji wakimzunguka. Kitabu kilitoka mu 1969, kule California. Kati yetu wenye licence, wangapi wamekisoma? Ile pia ni nyumba ya mwami, ila imejengwa na maneno.

Siku 12, ndugu zangu. Leo, mzee gani wa Masisi ao Walikale anakaa siku 12 pahali pamoja bila kusikia masasi, bila kufunga mizigo? Wazee wetu wengi wamefia mu kambi, na nyumba zao za maneno hazikujengwa upya.

Basi tusingojee jengo. Kila mmoja wetu iko na telefone. Tukae na wazee, Wahunde, Wanyanga, Watembo, Wahutu, Watutsi, kila mtu kwao, tuwachukue sauti. Na tusirudilie kosa la Nyanza: tuulize pia nani aliondolewa, na nani aliwekwa pahali pake. Tukiandika majani na matofali, tuandike na pengo.