Kadi Nane, Uwanja Usio Sawa

Wenzangu hapa wanahakiki vitabu na mashairi. Mimi naomba nafasi nihakiki mchezo wa simu. Msicheke. Pale kibandani tunapochaji simu, Kakuma 1, vijana wanabishana kuhusu Clash Royale kuliko riwaya yoyote. Jambo linalobishaniwa hivyo linastahili uhakiki.

Mchezo huu ulitolewa mwaka 2016 na kampuni ya Supercell ya Finland. Watu wawili wanapambana dakika 3, kila mmoja akilinda minara yake. Kati ya kadi zote ulizokusanya unaingia uwanjani na 8 tu, na mkononi unaona 4. Kila kadi ina bei yake ya eliksa, maji ya zambarau yanayoongezeka polepole: tone 1 kila sekunde 2.8, na hayazidi 10. Dakika ya mwisho yanaenda mbio zaidi. Kadi ukishaitumia inarudi nyuma ya foleni, huioni tena mpaka utumie nyingine 4.

Akili yote ya mchezo iko kwenye hiyo foleni. Kijana mmoja jirani yangu alikuja kuniomba nimkopeshe shilingi 500 anunue dhahabu ya mchezo. Nikamwambia anionyeshe kikosi chake kwanza. Golem 8, P.E.K.K.A 7, Mega Knight 7, Giant Skeleton 6, Rocket 6, Wizard 5, Balloon 5, Baby Dragon 4. Jumla 48, wastani 6. Wakubwa watupu! Ni kama timu ya mpira yenye washambuliaji kumi na mmoja.

"Hela sina," nikamwambia, "lakini kaa tucheze." Tukacheza mechi ya kirafiki, kadi zetu zikiwa ngazi moja. Kikosi changu ni cha watu wadogo: Hog Rider, Musketeer, Cannon, Fireball, The Log, Ice Golem, Ice Spirit na Skeletons. Jumla yake 21. Nikimtuma Hog Rider, ninaweza kumrudisha mkononi kwa kutumia kadi nne za bei nafuu zinazogharimu 6, yaani kama sekunde 17 za kusubiri. Yeye kumrudisha Golem kunamgharimu si chini ya 20, karibu dakika nzima. Nilimfunga huku ameshika simu akisubiri maji yajae.

Kwa hiyo kikosi kizuri si mkusanyiko wa wenye nguvu. Skeletons hawavunji mnara, ni kweli. Lakini wanamzunguka adui, wanamchelewesha kidogo, na wanamsogeza mwenzao mbele kwenye foleni. Hadi hapo nausifu mchezo huu kwa moyo wote.

Baada ya siku mbili kijana akarudi, uso umemkunjika. "Kaka, umenidanganya." Alikuwa amenakili kikosi changu kadi kwa kadi, akaingia mashindano ya kawaida, akapigwa mfululizo. Tukatazama mechi zake pamoja. Alicheza vizuri, nasema kweli. Lakini kule ngazi hazisawazishwi. Kadi za wapinzani zilikuwa zimepandishwa juu ya zake, Cannon yake ikavunjika mapema, Fireball yake ikamwacha adui bado amesimama. Kupandisha ngazi kunataka nakala nyingi za kadi na dhahabu, na hivyo vinapatikana kwa kucheza muda mrefu au kwa kulipa.

Kosa lilikuwa langu. Nilimfundisha kupanga kikosi bila kumwambia habari ya uwanja. Na hapo ndipo mchezo wenyewe unapojipinga: kadi 8 zinakuambia akili inatosha, halafu ngazi zinakunong'oneza kwamba haitoshi.

Ndugu zetu wa mashirika mnaosoma hapa, mtaniwia radhi. Semina za kujipanga tumekaa nyingi, na zimetufaa. Lakini watu wawili wanaweza kuwa na cheti kilekile cha ushonaji, mmoja ana kibali cha kazi na mwingine hana. Ukimfundisha huyu wa pili kupanga kadi zake, mwambie pia ngazi ya anayekutana naye. La sivyo, akishindwa atadhani ni mjinga.

Basi, mchezo huu uchezwe? Ndiyo, na bila kununua kitu. Jumamosi, mtandao ukikubali, tunacheza mechi za kirafiki pale kibandani, ngazi moja kwa wote. Juzi kijana alitoa Cannon akaweka Tesla, akanifunga. Nikamuuliza alijuaje wakati wa kushambulia.

"Fireball yako ilikuwa imeshatoka, kaka," akasema. "Nilikuwa nahesabu. Ulikuwa bado kadi nne."