Filamu ya mawimbi, na wavuvi wenye haikuwaona

Wandugu, mwenzetu mmoja alinitumia ku simu filamu ya zamani: The Endless Summer, ya Mmarekani Bruce Brown, yenye ilisambazwa katika sinema mwaka 1966. Vijana wawili, Mike Hynson na Robert August, wanazunguka dunia na mbao zao wakifuata mawimbi ya bahari: Senegal, Ghana, Nigeria, Afrika Kusini, mpaka Australia na Tahiti. Niliitazama mara mbili. Mara ya kwanza nilifurahi, mara ya pili nilikasirika. Acha niwaelezee juu ya nini.

Kwanza tuipe haki yake. Filamu ni nzuri. Inacheka, haina haraka, na Afrika yenye iko mule si ile ya vita na njaa tu. Mtu akimaliza kuitazama anatamani kuingia majini siku ileile.

Shida inaanza Ghana, pale Labadi, karibu na Accra. Watu wanakusanyika ku mchanga kutazama wageni, na msimulizi anaongea kana kwamba hakuna mtu wa pale aliyewahi kupanda wimbi. Lakini kamera yenyewe inamsaliti: inaonyesha wavuvi wakipitisha mitumbwi yao katika mawimbi yaleyale. Jicho limeona, kinywa hakikuona.

Kumbe ile kazi ni ya zamani sana. Kabla ya bandari ya Tema kufunguliwa mwaka 1962, meli zilitia nanga mbali na Accra, na wapiga makasia walileta mizigo na abiria ufukoni kwa kupita juu ya mawimbi. Mwanahistoria Kevin Dawson, katika kitabu Undercurrents of Power cha mwaka 2018, ameonyesha kwamba Waafrika wa pwani ya magharibi walipanda mawimbi kwa mbao na kwa mitumbwi tangu zamani. Na hata kule Tahiti, moja ya habari za kwanza zenye Wazungu waliandika juu ya mchezo huu, mwaka 1777, haiongelei mtu mwenye kusimama juu ya ubao. Inaongelea mtu ndani ya mtumbwi mdogo, mwenye kubebwa na wimbi kwa raha yake.

Leo watu wanajifunza jambo lilelile na kayaki, na masomo yake si siri. Somo la kwanza ni kukaa ku mchanga na kutazama. Mawimbi makubwa ya bahari yanazaliwa ku dhoruba za mbali na yanafika kwa makundi: makubwa kadhaa, kisha utulivu kidogo. Unatoka ku ufuo katika ule utulivu. Wakati wa kurudi, unaelekeza pua ya kayaki ku ufuo na kupiga kasia kwa nguvu mpaka wimbi likubebe. Halafu kayaki inageuka ubavu, na hapa njo wanafunzi wengi wanaanguka. Roho inakuambia uegemee upande wa ufuo, mbali na maji yenye kuvunjika. Ukifanya vile, umepinduka. Lazima uegemee wimbi lenyewe, na kasia ulilaze juu ya povu. Na ukishaanguka, usikae kati ya kayaki na ufuo, juu kayaki yenye kujaa maji ikisukumwa na wimbi inaweza kukuvunja mguu.

Mimi sijawahi kupanda wimbi la bahari. Nilikomalia Uvira, ku Tanganyika, na mawimbi ya ziwa ni mengine: upepo wa palepale unayaleta, mafupi, yanafuatana karibu karibu. Lakini kuanguka upande wa ufuo, ile ninaijua. Nilikuwa na miaka kumi na moja, ndani ya mtumbwi wa baba mdogo, upepo umeamka. Nikajiegemeza upande wa nchi kavu, tukapinduka na dagaa zote zikaenda. Baba mdogo hakunipiga. Aliniambia: « Usikimbie wimbi, mtoto. Liegemee. » Yeye hakumaliza hata shule ya msingi.

Njo maana hii filamu iliniuma. Baada ya lisansi yangu ya agronomia nilifanya staji katika mradi mmoja wa kilimo. Nilifika kijijini na fishi ya kitekniki: maharagwe peke yake, mahindi peke yake, mistari imenyooka. Mama mmoja aliniuliza kwa heshima: « Mwanangu, mvua ikikata na mahindi yakufe, watoto watakula mistari? » Shamba lake la kuchanganya mbegu lilikuwa mbele ya macho yangu. Nililiona, nikaandika ku ripoti: « wakulima hawana mbinu. » Fikiria, ni mimi mwenye nilifunzwa ku auditoire kwamba maharagwe yanarudishia udongo azoti! Niliandika sentensi ya Bruce Brown bila kujua jina lake.

Sisemi filamu itupwe. Itazameni. Mimi ninaihukumu kwa kosa moja: ilisafiri dunia nzima ikitafuta wimbi kamili, na ilipokutana na watu wenye kuishi kwa mawimbi, haikuwauliza hata swali moja. Kama wangeketi siku moja na mwenye kasia la nyuma, yule mwenye kuongoza mtumbwi, tungekuwa na filamu nyingine, na pengine bora zaidi.

Ile ripoti yangu iko bado ku ofisi fulani na sahihi yangu chini. Siwezi kuirudisha. Wenye mnaanza staji mwaka huu, kabla ya kufungua fishi, ulizeni kwanza mwenye shamba juu ya nini anafanya vile. Na wenye mlishaandika kama mimi, semeni hapa chini, tuongee.