Mizani, Mashine na Mtunzi: Uhakiki wa Ubeti Usio na Mwenyewe

Makala haya yanachunguza ubeti mmoja tu. Ubeti wenyewe si mzuri, wala hauna mtunzi kwa maana tuliyoizoea ya neno hilo. Hata hivyo nimeonelea kuwa wastahili kuhakikiwa. Tangu tarehe 30 Novemba 2022, kampuni ya OpenAI ya San Francisco ilipoutolea umma mashine iitwayo ChatGPT, na kampuni nyingine zikafuata mkondo huo kwa pupa, tungo za namna hii zimekuwa zikiingia katika madarasa yetu ya fasihi, na uhakiki wetu, kama nitakavyojaribu kuonyesha, haukuwa umejiandaa kuzipokea.

Kwanza neno moja juu ya istilahi. Wengine husema akili bandia, wengine akili mnemba, na wengine akili unde. Mimi nimechagua hili la mwisho, kwa kuwa linatokana na kuunda, kama vile kiumbe kinavyotokana na kuumba, nalo halitangulizi hukumu kama lifanyavyo neno bandia. Lakini sina raha na neno akili katika istilahi zote tatu. Yafaa ikumbukwe kuwa jina la Kiingereza lililozaa tafsiri hizi lilitumiwa na John McCarthy na wenzake mwaka 1955 katika ombi la fedha za kuendeshea mkutano wa utafiti huko Dartmouth, Marekani, uliofanyika mwaka 1956. Jina lililobuniwa ili kumshawishi mfadhili halilazimiki kuwa maelezo sahihi ya kitu chenyewe.

Sasa tuutazame ubeti. Niliiomba mashine mojawapo, ambayo sina haja ya kuitaja, initungie shairi la tarbia juu ya elimu, lenye mizani nane kwa nane na vina vya kati na vya mwisho. Katika muda usiotosha hata kufungua kalamu, ilinipa hivi:

Elimu ni kama taa, yaangaza njia yetu,
Tuishike kwa bidii, tujenge taifa letu,
Vijana tusikatae, tuwasikize wazee wetu,
Umoja ni nguvu yetu, amani ndiyo ngao yetu.

Tukianza na fani, mishororo miwili ya kwanza imetimiza mizani. Mshororo wa tatu una nane katika ukwapi na kumi katika utao. Wa nne una nane na tisa. Vina vya kati havipo kabisa: taa, bidii, tusikatae, yetu. Vina vya mwisho vipo, lakini tazama vilivyopatikana. Mtunzi stadi hukitafuta kina katika nomino, katika kitenzi, katika neno la zamani alilolisikia kwa bibi yake. Hapa kina kimepatikana kwa kurudia kimilikishi kimoja mara nne, na mara ya tano katika ukwapi wa mshororo wa mwisho. Mwalimu wa shule ya msingi angelitia alama nyekundu.

Sababu ya kasoro hii inatufundisha jambo juu ya mashine yenyewe. Mashine hizi, ambazo zimejengwa juu ya muundo uliotangazwa na watafiti wa Google mwaka 2017, hazisomi silabi. Kabla ya jambo lolote, maneno hukatwakatwa katika vipande, na mipaka ya vipande hivyo huamuliwa na jinsi vinavyojitokeza mara kwa mara katika bahari ya maandishi yaliyokusanywa, ambayo sehemu yake kubwa ni ya Kiingereza. Neno kama tuwasikize laweza kukatwa mahali pasipo na silabi wala mofimu. Kisha kazi ya mashine ni kukisia kipande kipi kina uwezekano mkubwa wa kufuata vilivyotangulia. Kwa hiyo haihesabu mizani; inakisia jinsi mshororo wenye mizani unavyofanana. Mshairi wa Kiswahili anayehesabu kwa vidole vyake anafanya kitendo ambacho mashine, kwa namna ilivyoundwa, haikifanyi.

Nasema haya nikijua kuwa hoja hii haina umri mrefu. Mashine hubadilishwa kila baada ya miezi, na zile mpya huhesabu vizuri zaidi kuliko zilizotangulia. Mhakiki atakayeweka ngao yake yote katika mizani atajikuta uchi karibuni.

Tugeukie basi maudhui. Ubeti unasema kwamba elimu huangaza, kwamba bidii hujenga taifa, kwamba wazee wasikilizwe, na kwamba umoja na amani ni vitu vyema. Nani atabisha? Na hapo ndipo ulipo udhaifu wake. Hakuna anayeambiwa lolote ambalo angeweza kulikataa. Ubeti hauna adui, hauna mpenzi, hauna mji wala siku. Huu ni wastani wa yote yaliyokwisha kusemwa juu ya elimu katika magazeti, hotuba na tovuti za Kiswahili.

Hapa sina budi kukiri kosa langu. Muhula mmoja mwanafunzi wangu aliniletea shairi juu ya ukulima lililokuwa na sifa hizo hizo: jembe lilikuwa ngao, jasho lilikuwa dhahabu, vijana waliambiwa wasikimbilie mijini. Nilimwita nikamwambia waziwazi kuwa hakulitunga yeye, nikamnyima alama. Hakubishana nami. Kesho yake alikuja na daftari la mazoezi. Kurasa nne zilijaa maneno yaliyokatwa, na pembezoni mwa kila mshororo palikuwa na vijistari vidogo vidogo, nane na nane. Alikuwa amehesabu. Shairi lake lilikuwa kamili kwa mizani na kwa vina vyote viwili, jambo ambalo mashine niliyoijaribu haikuliweza, na fani hiyo peke yake ingalitosha kumtetea laiti mwalimu wake angaliitazama kabla ya kuhukumu. Alinieleza kwa upole kwamba hivyo ndivyo walivyofundishwa tangu shule ya upili: ukitaka kupasi, shairi liwe na ujumbe.

Nimelitafakari jibu hilo kwa muda mrefu. Sisi wahakiki tumezoea kusaka ujumbe, kuuorodhesha, kuutolea alama, na kumpongeza mtunzi kwa vile ujumbe wake ni wa manufaa kwa jamii. Kwa miaka mingi tumewazoesha vijana kutunga kama mashine, na sasa mashine imekuja tunashangaa kwamba hatuwezi kuwatofautisha.

Jambo hili linaamsha upya mgogoro ambao wasomaji wa jarida hili wanaufahamu. Wanamapokeo, wakimfuata Kaluta Amri Abedi na sheria zake za kutunga alizozichapisha mwaka 1954, walisisitiza kuwa pasipo vina na mizani hapana shairi. Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, alipinga kwa vitendo, na wanamabadiliko wakadai uhuru wa usemi wa kila siku. Akili unde haimpi ushindi yeyote kati ya pande hizi. Ikiwa shairi ni vina na mizani, basi mashine itakayojifunza kuhesabu itakuwa malenga. Na ikiwa shairi ni usemi huru, mashine itastarehe zaidi, kwa kuwa katika utungo huru hapana hata kipimo cha kuiumbua. Kwa bahati mbaya pande zote mbili zilijadili zaidi umbo la kitu kilichotungwa, na mara chache zikauliza kitendo cha kutunga ni kitendo gani, na nani aliyekifanya kwa nani.

Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840, hakutunga juu ya mada. Alitunga upande wa Wamazrui, dhidi ya Seyyid Said, katika mji ambao wasikilizaji wake waliwajua wote waliotajwa na wasiotajwa. Beti zake zilitarajia kujibiwa. Abdilatif Abdalla alifungwa mwaka 1969 kwa ajili ya waraka wake Kenya: Twendapi?, na mashairi ya Sauti ya Dhiki, yaliyochapishwa mwaka 1973, aliyatunga gerezani. Hatuwezi kuusoma hata ubeti mmoja wa diwani hiyo bila kujua kuwa kusema kulikuwa na gharama. Ubeti wetu wa elimu haukumgharimu msemaji wake kitu, kwa sababu hana.

Lakini tusiseme upesi kwamba haukumgharimu mtu yeyote. Mashine hujifunza adabu kwa kusahihishwa na watu. Mwezi Januari 2023 gazeti la Time la Marekani liliripoti kwamba wafanyakazi wa Nairobi, walioajiriwa kupitia kampuni ya Sama kwa kazi ya OpenAI, walikuwa wakisoma na kuainisha maandishi ya ukatili na unajisi wa kila namna ili mashine ifundishwe kuyatambua na kuyaepuka, kwa ujira wa chini ya dola 2 kwa saa. Upole ule wa ubeti wetu, kutomuudhi kwake mtu, kwa sehemu umetokana na jasho la vijana wa mji huu huu ninaoandikia. Mhakiki wa fani na maudhui ana wajibu wa kuuliza pia habari za uzalishaji.

Wala si mara ya kwanza. Tungo za Muyaka zingalipotea lau Mwalimu Sikujua wa Mombasa asingalizikusanya na kuzifafanua pamoja na W. E. Taylor mwishoni mwa karne ya 19. Hichens alipozitoa kitabuni mwaka 1940, ziliandikwa kwa hati ya Kirumi na kuchapishwa Johannesburg. Wataalamu wanalijua jina la Sikujua, lakini ni wanafunzi wachache wanaolitaja. Tofauti ni kwamba Sikujua alikijua alichokishika mkononi. Miswada mingi ya hati ya Kiarabu, iliyohifadhiwa London na Dar es Salaam, bado haijapigwa chapa, na kwa hiyo mashine haiijui. Inapoombwa kutunga kwa Kimvita au Kiamu, hutia herufi mbili tatu za kilahaja juu ya Kiswahili cha gazeti. Wako wanaodai tuharakishe kuipa miswada hiyo. Mimi ningependa kwanza kujua masharti, na nani atatia sahihi kwa niaba ya nani.

Mwanafunzi yule alirudishiwa alama zake, nami nilimwomba radhi mbele ya wenzake. Shairi lake la ukulima bado si zuri, na nilimwandikia hivyo pembeni, nikamwuliza shamba analolisema ni la nani na kwa nini ndugu zake walilihama. Alileta toleo la pili wiki mbili baadaye. Mizani ilikuwa imevunjika mahali pawili, na katika ubeti wa tano palikuwa na mjomba aliyeuza ng'ombe.