Scott Hakujenga, Alijengesha

Kila anayeandika juu ya Kanisa la Mtakatifu Mikaeli na Malaika Wote, kule Blantyre nchini Malawi, huanza na sifa ileile: ati mchungaji David Clement Scott alilijenga kati ya 1888 na 1891 bila kusomea usanifu wa majengo. Kwamba hakusomea, hilo ni kweli. Ninachokataa ni kitenzi. Kiswahili kina kujenga na kina kujengesha, na tofauti yake hata mtoto anaijua. Mwenye ploti hujengesha; fundi ndiye anayejenga. Sasa basi, nani alijenga?

Leo Blantyre ni jiji. Wakati ule ilikuwa kituo cha misheni ya Kanisa la Scotland huko mashambani, kwenye nyanda za juu za Shire, kilichoanzishwa 1876 na kupewa jina la mahali alipozaliwa David Livingstone. Hakukuwa na reli wala hadiwea ya kuagiza vifaa. Udongo ulikandwa palepale, ukafyatuliwa, ukachomwa tanuri. Husimuliwa kwamba matofali yalifyatuliwa kwa maumbo 81. Hebu fikiria maana yake. Tofali la kawaida lina pembe nne, ukikosea moja unachukua lingine. Lakini tofali la tao, la nguzo ya mviringo au la ukingo wa dirisha lina mahali pake, na mtu anayelitia mwiko lazima ajue linakwenda wapi kabla chokaa haijakauka.

Wapresbiteri wa Scotland hawakuzoea makanisa ya mapambo. Hili lina kuba, lina minara miwili ya mbele isiyofanana, lina matao ya duara na mengine yaliyochongoka. Wapo waliomlaumu Scott kwamba anapenda sana taratibu na madoido ya ibada. Mimi lawama yangu ni nyingine. Kama wazo la mtu mmoja, kanisa hili limejaa mno. Ni kama mgeni kwenye karamu aliyepakua kila chakula kwenye sahani moja. Lakini likisomwa kama kazi ya watu waliokuwa wakijifunza uashi hukohuko juu ya ukuta, kujaa kwake kunaeleweka. Kila tao ni mtihani mpya, na limepita: zaidi ya miaka 130 baadaye, matao bado yamesimama.

Tusimwonee Scott lakini. Alifika Blantyre 1881, misheni ikiwa na jina baya. Wamisionari waliotangulia walikuwa wamejifanya serikali, wakachapa watu viboko hadi kuua, na kashfa hiyo ilichapishwa Uingereza 1880. Scott alikuja kusafisha. Alijifunza lugha ya Wamang'anja hadi akatoa kamusi yake kubwa 1892, mwaka mmoja tu baada ya kanisa kufunguliwa. Aliamini kwamba Mwafrika anaweza kazi yoyote na kuongoza kanisa lake mwenyewe, akaanza kuwapa Waafrika vyeo. Walowezi hawakufurahia. Uchunguzi ukafanywa, na 1898 akaondoka.

Hapo ndipo hadithi inapoingia kwetu. Mwaka 1901 Scott aliletwa Kikuyu, Thogoto, kuongoza misheni ya Kiskoti, na alikaa huko hadi kifo chake 1907. Wakati wake misheni ilijipatia maelfu ya ekari za ardhi ya Wakikuyu. Mtu huyohuyo aliyemwamini Mwafrika kwenye ukuta wa kanisa hakuona tabu misheni kuwa mwenye shamba juu yake. Kujengesha kuna pande zote mbili: kumfundisha mtu kazi, na kubaki na hati.

Tena ufundi ukishafundishwa hauna mwenyewe. John Chilembwe alisoma katika misheni ya Blantyre karibu na 1890, wakati kanisa likipanda. Baadaye alirudi kutoka Marekani akiwa mchungaji wa Kibaptisti, na huko Chiradzulu, si mbali na Blantyre, yeye na waumini wake wakainua kanisa kubwa la matofali. Hapakuwa na mzungu wa kusifiwa. Baada ya uasi wa Januari 1915 Chilembwe aliuawa, na serikali ya kikoloni ikalilipua kanisa lake kwa baruti. Siamini kwamba waliogopa matofali. Waliogopa jengo ambalo hakuna angeweza kusema kwamba Mwafrika amejengeshwa.

Kwa hiyo swali la kitenzi si la walimu wa sarufi pekee. Majina ya wafyatuaji na waashi wa Blantyre hayamo katika sifa tunazosoma, na sisi Kenya tunarudia kosa hilo Thogoto, Tumutumu na Chogoria kila tunapoandika historia za parishi zetu: mmisionari fulani alijenga, nukta. Parishi hizo bado zina wazee ambao baba na babu zao walivunja mawe na kubeba mbao, na majina wanayajua. Kabla ya kupaka rangi upya na kuchapisha kijitabu cha sherehe, kamati ya kanisa ikae nao, iandike majina hayo. Watu wa mjengo wawekwe ukurasa wa kwanza, pamoja na mchungaji.