Mafundi wa Pampu Kibera na Kawangware
Kampuni ya BSA, iliyoanzishwa Birmingham, Uingereza, mwaka 1861 ili kutengeneza bunduki, baadaye iliunda pia baiskeli na bunduki za hewa, yaani zile ambazo virisasi vyake husukumwa na hewa iliyobanwa badala ya baruti. Wakusanyaji wa Ulaya huzienzi bunduki hizo za hewa hadi leo, pamoja na bastola za hewa za Webley za tangu 1924. Katika mitaa ya Kibera na Kawangware jijini Nairobi, maarifa yaliyo karibu zaidi na ya kutengeneza bunduki hizo yamo mikononi mwa mafundi wa baiskeli wa jua kali, yaani wa sekta isiyo rasmi, na yanastahili heshima kubwa kuliko kabati lolote la kioo la wakusanyaji hao. Pampu ya mkono na bunduki ya hewa ya zamani hutegemea kanuni moja: pistoni yenye washa ya ngozi hubana hewa ndani ya silinda, na ngozi ikikauka hewa huvuja. Fundi stadi huilainisha kwa mafuta, hutanua ukingo wake, au hukata nyingine kutoka kiatu kikuukuu, nayo pampu iliyokwisha kutupwa hujaza tena gurudumu la mchuuzi wa mkate asubuhi hiyohiyo.