Siku nne za kazi? Tuhesabu kwanza masaa

Kila mara habari ya kufanya kazi siku nne inapita, maoni yetu yanagawanyika. Bamoja banasema: "Hayo ni mambo ya wazungu, siye hata kazi hatuna." Bengine banashangilia: "Ubelgiji banatumika siku nne, siye tunachelewa!" Mimi naona pande zote mbili zinajibu mbele ya kusoma.

Tuanze na Ubelgiji. Sheria ya 2022 inamruhusu mfanyakazi aombe kumaliza juma lake kwa siku nne. Lakini masaa hayapunguki: mwenye masaa 38 anabaki na 38, na siku moja inaweza kufika masaa tisa na nusu. Ni mzigo ule ule mu kifuko kidogo. Iceland ni ingine. Kati ya 2015 na 2019, wafanyakazi zaidi ya 2500 walijaribu kushuka toka masaa 40 mpaka 35 ao 36, na mshahara haukuguswa. Tusichanganye hizo mbili.

Na weye wa "mambo ya wazungu": sheria yetu ya kazi ya 2002 inaweka mpaka, masaa 45 kwa juma, tisa kwa siku. Mimi nilifanya staji mu biro moja hapa mjini. Kuingia saa moja ya asubuhi, kutoka saa kumi na mbili ya magaribi, siku sita, bila hata franka ya transport. Masaa 66! Nilinyamaza, nikifikiri ndiyo kujionyesha mtu wa kazi.

Tulikuwa wawili. Masaa yetu yote ni 132. Gawanya kwa watu watatu: kila mmoja 44. Kumbe siye wawili tulikuwa tunakalia nafasi ya mwenzetu anayezunguka na diplome mu bahasha.

Patron atasema mfuko hautoshi. Ni kweli, kugawanya masaa bila mshahara ni kugawanya njaa, na njo maana mfano wa Iceland unafaa kuliko wa Ubelgiji. Lakini mbele ya kuomba siku nne, tudai kwanza 45 zilizoandikwa, na zilipwe.

Weye, juma lililopita ulitumika masaa ngapi? Na ulilipwa ngapi?