Ubora Huanza Jikoni: Bourbon, Chang'aa na Namna ya Kuchagua

Mtu akiulizwa ni bourbon ipi bora kuliko zote alizowahi kuonja, mara nyingi hutaja chupa. Mmoja atataja umri ulioandikwa kwenye lebo, mwingine bei, mwingine jina la kiwanda ambacho bidhaa yake ni adimu. Majibu hayo yote yameshika mwisho wa kazi na kuuacha mwanzo wake. Ulimi hupokea tu kile ambacho nafaka, chachu, moto, shaba na mbao vimekwisha kukifanya, na asiyeijua kazi hiyo hawezi kutofautisha kinywaji kilichopikwa vizuri na kile ambacho makosa yake yamefunikwa. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba pombe kali bora huchaguliwa kwa hatua tatu ambazo mpangilio wake haubadiliki: kwanza ujue ilivyopikwa, pili uionje bila kuiona lebo, tatu urudie mpaka jibu lisimame. Hoja hii ina uzito wa pekee katika mwambao wa Ziwa Victoria huko Kisumu, kwa sababu mahindi yanayoizaa bourbon kule Kentucky, Marekani, ndiyo hayohayo yanayozaa busaa, pombe ya kuchachushwa, na mara nyingi chang'aa, pombe kali ya kienyeji, huku kwetu. Zao ni moja. Kinachotofautiana ni jinsi kazi inavyofanywa na jinsi inavyolindwa.

Ufuo wa Dunga, kilomita chache kusini mwa jiji la Kisumu, unaijua hatua ya kwanza vizuri sana. Mitumbwi inapofika na mbuta au ngege, mchuuzi mzoefu hahitaji kuonja ndipo anunue. Hufunua matamvua aone kama bado ni mekundu, hutazama jicho kama limetuna na kung'aa au limezama na kuingia ukungu, hubonyeza mnofu kwa kidole aone kama unarudi. Katika dakika moja amekwisha kujua samaki alivuliwa lini takriban, alikaa juani kiasi gani, na barafu ilimfikia au haikumfikia. Viungo na mafuta vitamfaa samaki huyo baadaye, lakini haviwezi kumrudishia alichokwisha kupoteza. Pombe kali nayo inakaguliwa hivyo, kwa dalili za namna ilivyotengenezwa, kabla glasi haijafika mdomoni.

Kwa bourbon, sehemu kubwa ya dalili hizo imewekwa na sheria za Marekani. Mahindi lazima yawe asilimia 51 au zaidi ya nafaka zote zilizotumika. Sehemu inayobaki kwa kawaida ni rai au ngano, pamoja na kimea cha shayiri kinachogeuza wanga kuwa sukari. Pombe haipaswi kutoka mtamboni ikiwa na kileo kinachozidi asilimia 80, kwa sababu kadiri inavyokaribia usafi kamili ndivyo inavyopoteza harufu na ladha ya nafaka. Haipaswi kuingia pipani ikiwa juu ya asilimia 62.5, na pipa lenyewe lazima liwe jipya, la mwaloni, lililochomwa kwa ndani. Chupani haishuki chini ya asilimia 40, na hairuhusiwi kuongezwa kitu kingine isipokuwa maji. Masharti haya yalizaliwa na udanganyifu. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wengi wa wiski Marekani waliuza pombe ghafi iliyotiwa rangi na ladha za kuigiza umri, hata kwa maji ya tumbaku. Mwaka 1897 ikapitishwa sheria ya chupa zilizotunzwa chini ya ulinzi wa serikali, ikipigiwa debe na mpishi maarufu wa wiski Edmund Haynes Taylor na waziri wa fedha John G. Carlisle: pombe ya kiwanda kimoja, ya msimu mmoja, iliyokaa angalau miaka 4, yenye kileo cha asilimia 50. Mwaka 1964 Bunge la Marekani likaitambua bourbon kuwa bidhaa ya nchi hiyo pekee. Kwa hiyo mjadala wa bourbon ipi ni bora uliwezekana baada ya swali lingine kujibiwa: je, hiki kilicho ndani ya chupa ndicho kilichoandikwa nje?

Jikoni kwa chang'aa kazi ni ileile kwa vifaa vingine. Unga wa mahindi au molasi, wakati mwingine sukari guru, huchanganywa na maji na kimea au chachu, kisha huachwa uchachuke kwa siku kadhaa hadi uwe kangara. Molasi ni rahisi kupatikana upande huu kwa sababu ya mashamba ya miwa ya Muhoroni na Chemelil. Kangara hutiwa kwenye pipa la chuma au chungu kikubwa juu ya kuni. Katika mtindo wa kienyeji, chungu kidogo hutundikwa au kusimamishwa ndani, juu ya kangara, na mdomo wa chombo hufunikwa kwa sufuria iliyojaa maji baridi, halafu kila mwanya hukandikwa unga au udongo. Mvuke hupanda, hugonga tumbo la sufuria, hupoa na kudondokea kwenye chungu kile. Maji ya juu yakipata moto lazima yabadilishwe, na hapo ndipo mkono wa mpishi unapoonekana. Akichelewa kubadilisha, mvuke haupoi na harufu nzuri hupotelea hewani. Akizidisha kuni, kangara hufurika au huungua chini, na ladha ya kuungua haiondoki tena. Jambo la tatu ni chombo chenyewe. Shaba inayotumika Kentucky hunasa misombo ya salfa inayonuka kama yai bovu, ilhali pipa la chuma haliwezi kazi hiyo, na pipa lililowahi kubeba kemikali huongeza hatari ambayo hakuna ustadi unaoweza kuiondoa.

Kipimo kikubwa zaidi cha mpishi ni kujua atenge nini. Matone ya kwanza hubeba asetaldehaidi, inayochemka kwenye nyuzijoto 20 hivi, na ethili asetati yenye harufu kali ya gundi. Ya mwisho hubeba mafuta mazito ya kileo yenye harufu ya nguo mbichi. Katikati ndipo penye pombe ya kunywewa. Mitambo mirefu ya viwanda vya Kentucky hufanya utengaji huu mfululizo, saa baada ya saa. Mpishi wa chungu hana budi kuufanya kwa pua na kwa kujizuia, maana kila glasi anayoimwaga ni fedha anayoikosa. Mama pima, yaani mwanamke anayepika na kuuza chang'aa, mwenye watoto wa kusomesha ana sababu zote za kutomwaga. Ndiyo maana chang'aa mbili za kijiji kimoja, kutoka kangara ya aina moja, zinaweza kuachana kabisa: moja laini, nyingine inayokwaruza koo na kuacha kichwa kikigonga asubuhi. Tofauti hiyo ni kazi ya mtu, na ndiyo inayostahili kusifiwa au kulaumiwa.

Wanywaji wengi wanaamini kwamba wanacho kipimo chao tayari: chang'aa humwagwa kidogo na kuwashwa kiberiti, ikiwaka buluu husemwa kuwa ni safi. Imani hii lazima ikataliwe waziwazi. Moto unaonyesha nguvu ya kileo, basi. Methanoli, sumu inayopofusha na kuua, nayo huwaka, tena kwa ndimi hafifu ambazo ni vigumu kuziona mchana. Inafaa pia kusahihisha wazo kwamba kumwaga matone ya kwanza kunatosha kuondoa methanoli. Ingawa yenyewe huchemka kwenye nyuzijoto 65 na ethanoli kwenye 78, ndani ya mchanganyiko wenye maji hazitengani kwa usafi huo, na methanoli huendelea kutoka hadi mwisho. Kinachomwokoa mnywaji wa pombe ya nafaka ni kwamba uchachushaji wa mahindi huzalisha methanoli kidogo sana. Vifo vya halaiki hutokana na methanoli ya viwandani inayoongezwa na wauzaji ili kukuza ujazo na makali. Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi, wengi wao wakazi wa mitaa ya Mukuru, baada ya kunywa pombe ya namna hiyo iliyojulikana kama kumi kumi. Mei 2014 makumi ya watu walikufa Embu, Kiambu na maeneo mengine. Hakuna ulimi uliowaonya, kwa sababu methanoli inafanana mno na ethanoli kwa harufu na ladha. Huu ndio ushahidi mzito kuliko wote kwamba kuonja hakuwezi kuwa hatua ya kwanza.

Msomaji anaweza kupinga kwamba ulinganisho huu si wa haki, kwa kuwa bourbon imelelewa na pipa huku chang'aa ikinywewa ingali mbichi. Ni kweli kwamba pipa hufanya mengi. Joto linapovunja mbao, lignini hutoa vanilini, sukari za mbao huungua na kutoa ladha ya karameli, na tabaka la makaa huchuja ukali wa pombe changa. Lakini pipa si mwalimu wa kila kosa. Pombe iliyoungua jikoni itatoka pipani ikiwa na rangi nzuri na harufu ileile ya kuungua chini yake. Wala umri si ubora. Kentucky ina kiangazi cha joto na baridi kali ya majira ya kipupwe, na pombe huingia na kutoka kwenye mbao kwa mabadiliko hayo. Kiwanda cha Amrut katika joto la Bangalore, India, hupoteza zaidi ya asilimia 10 ya pombe kwa mwaka kwa mvuke, mara mbili au zaidi ya kile kinachopotea Kentucky, na wiski yake hukomaa kwa miaka michache tu. Pipa likikaa mno mahali pa joto kama hilo, mbao huishinda nafaka na kinywaji huwa kikavu na kichungu. Anayechagua kwa kusoma namba ya miaka anasoma muda wa kusubiri, hasomi kilichotokea wakati wa kusubiri.

Baada ya jiko kukaguliwa, ulimi unapata nafasi yake, nao pia unahitaji nidhamu. Mwaka 1976 mfanyabiashara wa mvinyo Steven Spurrier aliwaandalia waonjaji wa Ufaransa jijini Paris mvinyo wa nchi yao na wa California bila kuwaonyesha lebo, na mvinyo wa California ukashika nafasi ya kwanza kwa mweupe na kwa mwekundu. Waonjaji walikuwa mabingwa. Kilichoondolewa ni jina tu. Kwa bourbon njia rahisi ni glasi tatu, mbili zenye kinywaji kimoja na ya tatu kingine, mwonjaji aitambue iliyo tofauti. Asiyeweza kuitambua mara kwa mara hana msingi wa kusema moja ni bora kuliko nyingine. Maji kidogo pia yaongezwe, maana kileo kikali huganzisha pua. Mwaka 2017 watafiti Björn Karlsson na Ran Friedman wa Chuo Kikuu cha Linnaeus, Sweden, walionyesha kwa mahesabu ya kompyuta kwamba pombe inapopunguzwa kwa maji, guayakoli, moja ya molekuli za harufu ya moshi, husogea juu ya uso wa kinywaji, mahali ambapo pua inaifikia. Na kazi yote irudiwe siku nyingine, kwa mpangilio mwingine wa glasi, kwa sababu glasi ya kwanza hubadilisha ulimi unaoipokea ya pili.

Pingamizi la pili ni kwamba ladha ni ya mtu, na hakuna atakayemwamuru mwingine apende nini. Nakubali nusu yake. Anayependa ukali wa rai hana kosa mbele ya anayependa ulaini wa ngano. Lakini harufu ya gundi, ladha ya kuungua, rangi ya kuongezwa na sumu si mambo ya mapenzi. Uhuru wa kupenda huanza pale makosa yanapokuwa yameondolewa, na ni vinywaji vilivyofika hapo tu ndivyo vinavyostahili kushindanishwa. Kwa hiyo, nikichagua kati ya bourbon, ninaliweka mbele daraja lile la sheria ya 1897. Linamhakikishia mnywaji kiwanda kimoja, msimu mmoja, muda wa chini na nguvu bila kumwachia kubahatisha, tena kwa bei ambayo mara nyingi iko chini ya chupa adimu zinazokimbiliwa.

Pingamizi la mwisho ni zito zaidi: pombe imezibomoa familia nyingi katika vijiji vya ziwa hili, hivyo kuzungumzia ubora wake ni kuipamba. Madhara hayo ni ya kweli, na pombe iliyopikwa vizuri bado ni pombe. Hata hivyo Kenya ilikwisha kujaribu kufumba macho. Sheria ya kupiga marufuku chang'aa ilidumu kwa takriban miaka 30 tangu 1980, na vifo vya Mukuru vilitokea chini yake. Sheria ya 2010, iitwayo ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeiwasilisha, ilifuta marufuku hiyo na kutaka kinywaji kipikwe kwa leseni, kifikie viwango na kiuzwe chupani, ila kupika kwingi kumebaki gizani. Uganda ilichagua njia nyingine mwaka 1965 kwa sheria ya enguli, pombe kali ya kienyeji ya huko: wapishi wenye leseni waliuza enguli yao kwa kiwanda, ikasafishwa upya na kutiwa chupani kama Uganda Waragi. Enguli ya kificho haikuisha, lakini nchi ilipata kinywaji ambacho mtu angeweza kukipima, kukirudia na kukijadili. Kisumu ina mahindi, miwa na wanawake waliobeba ujuzi wa moto na mvuke kwa vizazi. Inachokosa ni leseni ambayo mpishi mdogo anaweza kuimudu, maabara iliyo karibu ya kupima methanoli, na daftari la kila mpiko. Hayo yakipatikana, mama pima atalipwa kwa kile anachokimwaga na si kwa kile anachokiuza tu, na mnywaji atakuwa na haki ya kusema ipi ni bora, kwa sababu atakuwa anajua anachokunywa.